Mstari wa Minyaa

Jumapili, 12 Novemba 2023

Leo tumebomoa nyumba. Chediel, mume wangu, alipanda na jembe juu ya tembe letu, akaanza kufukua udongo wa paa, ukawa unaanguka ndani palepale nilipolala na Emiliana siku za uzazi. Nilimchukua mtoto nikakaa naye mbali asivute vumbi. Sikulia. Nyumba ile ilikuwa inavuja kila masika, na mwaka juzi nyoka alituangukia kitandani. Nani atalilia nyumba ya hivyo?

Barabara ya kuingilia kwenye Mradi, huo ujenzi mkubwa unaokuja kwetu, itapita hapa juu. Sisi tuliokuwa njiani tunapewa nyumba mpya kwenye safu ya chini, karibu na korongo. Yetu ni namba nne. Ina vyumba viwili na sebule, madirisha ya vioo, na bomba ndani. Bomba ndani! Mimi niliyezoea kufukua mchanga wa korongo nusu siku nipate ndoo moja. Bonaventura, fomani wa Mradi, anasema kibali cha watu wa mazingira kikitoka tu tunakabidhiwa funguo, na kibali hakikawii. Kwa sasa tuko chini ya turubai, ubavuni mwa kihenge.

Mama mkwe hakutoka nje siku nzima. Kijumba chake hakimo kwenye barabara, kimebaki. Kwetu kijana aliyeoa halali chini ya paa la mama yake, hata mvua inyeshe ya mawe, kwa hiyo hatuwezi kujibanza kwake. Na hata ingeruhusiwa, mimi nisingekwenda. Tangu tukubali kuhama amenuna. Hasira zenyewe anamalizia kwa mtoto. Hamwiti tena jina. Anasema "huyu mgeni wako", mara "huyo mwenye kelele". Mtoto wa miezi sita amemkosea nini?

Nilisoma mpaka kidato cha pili tu, lakini kuandika naweza. Nataka Emiliana akikua asome mwenyewe jinsi tulivyohamia nyumba nzuri.

Jumamosi, 18 Novemba

Msaragambo. Mwenyekiti Andrea alipiga filimbi asubuhi, kila kaya itoe mtu mwenye panga. Kazi ilikuwa kukata ua wa minyaa, huu unaopita chini ya mwinuko, nyuma ya zile nyumba mpya. Kitongoji chetu kinaitwa Minyaani kwa ajili yake. Gari la zege halipiti, na watu wa mazingira wanakuja kukagua, kwa hiyo Mradi unataka eneo safi.

Tulijifunga khanga usoni maana utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Loyce, atakayekuwa jirani yangu namba tano, alikuwa akitukana kila mti anaoukata.

"Aliyeupanda huu ua alikuwa amelewa. Tazama unavyojikunja! Unakwenda huku, unarudi huku, kama mtu ametoka kilabuni."

Bonaventura akaleta soda. Loyce akainua chupa yake: "Minyaani imekufa leo. Kuanzia sasa tunaitwa Sodani." Tulicheka mpaka Emiliana mgongoni kwangu akacheka na yeye, bila kujua anacheka nini.

Ndipo mama mkwe akatokea.

"Mnakata nini?"

"Minyaa, mama. Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. "Nani amewaambia inakatwa?"

Mwenyekiti alijibu kwa upole. Yeye ni mtu wa Mtinko, alihamia huku ukubwani. "Mama Chediel, ua wa nini mahali pasipo na zizi? Ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Mama mkwe alifungua mdomo. Akatazama juu, mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Itigi. Akaufunga mdomo. Kisha akainama, akakusanya matawi yaliyokatwa, akayafunga mzigo, akajitwika, akaondoka nayo.

"Atayapikia?" Loyce akaniuliza. "Moshi wake utamtoa macho huyo bibi."

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua ya kwanza. Harufu nzuri. Turubai limehimili.

Jumanne, 5 Desemba

Watu wa mazingira wamekuja. Afisa wao ni dada mmoja mwembamba, Cecilia, amevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Alizunguka na fomani kila mahali, akashuka mpaka korongoni, akachukua mchanga mkononi akauchezea kama unga. Halafu akatukusanya.

Akasema nyumba ni nzuri lakini kibali kina masharti. Hakuna mtu kuhamia safu ya chini mpaka Mradi ujenge mtaro mpana wa mawe na tuta kati ya nyumba na korongo, na upana wake akautaja, mita mbili. Mashimo ya vyoo yasogezwe mbali na visima vyetu vya mchanga. Na ijulikane maji yaliwahi kupanda mpaka wapi.

"Ninyi ndio wenyeji," akasema. "Korongo hili likijaa, linafika wapi?"

"Halijawahi kutoka kwenye kingo zake," Mwenyekiti akajibu. Wengine wakaitikia, ndiyo, halijawahi. Na mimi niliitikia. Mimi nimeolewa hapa mwaka juzi, sijaona likitoka.

"Mna uhakika? Redio inasema mwaka huu ni Elnino."

"Redio inasema kila mwaka," Loyce akasema, watu wakacheka.

Nilipogeuka nilimwona mama mkwe akiondoka mkutanoni, khanga ameibana mdomoni.

Nilimchukia yule Cecilia, naandika ukweli. Atarudi mjini alale kitandani pakavu. Mtaro wa mawe unachukua muda gani? Mimi na mwanangu tutakuwa wapi muda wote huo? Masharti anaweka yeye, mvua inatunyeshea sisi.

Jumapili, 10 Desemba

Mvua. Kanisani nilisali kibali kitoke.

Jumanne, 19 Desemba

Turubai limetoboka upande wa kichwani. Emiliana amepata mafua.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Tulipika wali na kuku wa mama mkwe, yeye mwenyewe alimchinja akatuletea. Nikafikiri moyo umelainika. Nikamwambia, "Mama, mwite mjukuu wako uone, siku hizi akisikia jina lake anageuka." Akamtazama mtoto muda mrefu. Akasema, "Mgeni, umeshiba?" Akaondoka.

Nilimwambia Chediel, "Mama yako anamkana mwanao kwa sababu ni wa kike." Akasema niache maneno, mama yake yuko hivyo kila masika tangu yeye akiwa mdogo, hata yeye alikuwa akiitwa "we kijana" mpaka mavuno. Mume wangu hutetea kila mtu isipokuwa mimi.

Jumanne, 9 Januari 2024

Mtaro umeanza. Chediel amechukuliwa kujenga, yeye ndiye anayepanga mawe. Amerudi jioni kimya. Nilipombana akasema mtaro wanaochimba ni nusu ya ule uliosemwa. Fomani anasema watafunika kwa mabamba ya zege na mkaguzi ataona juu tu.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitafanyaje? Nikisema, naambiwa kesho nisije."

Emiliana alikuwa anakohoa. Maji yalikuwa yanapita chini ya kitanda, nimeinua miguu ya kitanda kwa matofali. Nikamwambia, "Basi kimbizeni. Mwembamba si mwembamba, tuingie ndani."

Jumapili, 14 Januari

Mvua usiku na mchana. Kuni zote mbichi.

Alhamisi, 18 Januari

Nilikwenda kuifagia namba nne, wametupa ruhusa ya kusafisha. Wameshapaua, milango iko tayari. Nilifungua bomba, likatoa upepo tu, lakini nilifurahi. Nyuma, kwenye ukingo wa baraza, kuna vichipukizi vya mnyaa vinatoka chini ya saruji mpya. Visiki vyake havikufa. Nikaving'oa.

Jumatano, 24 Januari

Mwanangu anapumua kama mbwa aliyekimbia. Mbavu zinaingia ndani. Zahanati wamesema nimonia, tupelekwe Itigi. Chediel anatafuta pikipiki. Mungu wangu.

Jumamosi, 3 Februari

Tumerudi. Sikuandika siku zile kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi ya kumshika. Kulikuwa na mama wa kitanda cha pili, mtoto wake hakurudi naye. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Daktari aliniuliza, "Mnalala wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Mama, dawa nimekupa. Lakini ukimrudisha kwenye unyevu ule, utaniletea tena, na safari hiyo sikuahidi kitu."

Nimemrudisha kwenye unyevu uleule. Ningempeleka wapi? Kwa bibi asiyemtaja hata jina? Kwetu Kilimatinde mama hayupo tena na kaka yangu amejaza nyumba. Turubai limekuwa na ukungu mweusi. Nampakata mtoto nikisikiliza kifua chake.

Jumanne, 6 Februari

Bonaventura amekuja mwenyewe, amesimama nje ya turubai, kofia mkononi. Alikuwa mpole kweli. Akasema na yeye ana watoto. Akampa Chediel ufunguo wa namba nne. "Ingieni kimya kimya. Mtaro umefunikwa, mkaguzi anakuja wiki ijayo, atasaini tu. Siwezi kumwacha mtoto afe kwa sababu ya karatasi." Loyce naye amepewa wa namba tano.

Nilimshika fomani mkono nikalia.

Jumatano, 7 Februari

Tumehamia!! Pakavu. Sakafu laini kama sahani. Emiliana amelala mchana kutwa bila kukohoa, nami nilikaa chini nimeegemea ukuta nikausikia ukimya. Mvua inapiga bati na haitugusi. Mungu ni mwema.

Alhamisi, 8 Februari

Naandika haya kwenye kijumba cha mama mkwe. Emiliana amelala kifuani kwa bibi yake. Nitaandika kama nitakavyoweza.

Asubuhi nilikuwa naanua nepi, mvua imepumzika kidogo. Nikamwona mama mkwe amesimama nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na minyaa. Amelowa. Hakusogea hata hatua kuja barazani.

"Karibu mama, ingia ndani, utaugua."

"Nipe huyo mtoto."

"Ingia umchukue."

"Siingii hapo. Mlete huku. Tafadhali, mwanangu."

Hajawahi kuniita mwanangu. Lakini mimi nilikuwa na yangu ya miezi mitatu, yakatoka yote. Nikamwambia, "Mtoto yupi? Si ana jina? Tangu tuhame humtaji, humshiki, leo tumepata pakavu ndiyo unamtaka? Unataka nimrudishe kwenye matope afe? Kama humpendi, tuache."

Akakaa chini. Palepale kwenye tope. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema.

"Kabla ya Chediel nilikuwa na mwingine. Wa kiume, alikuwa wa kukimbia kimbia. Mwaka wa Elnino. Wakati ule nyumba yetu ilikuwa hapo ulipo wewe, sote tulikuwa huku chini, karibu na maji ya mchanga. Mchana kweupe. Huku kwetu mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka, mvua ilikuwa inanyesha huko ilikotoka. Nilikuwa nimepanda juu kuchuma mlenda. Nikasikia kama gari moshi. Nikageuka nikaona korongo limesimama.

"Mtoto alikuwa amepanda juu ya jiwe. Lile la bapa, fomani wako amelipasua apate kokoto. Maji yamelizunguka, lakini yeye yuko juu, hajalowa. Angekaa pale angepona, maana maji hayakulifunika lile jiwe. Nililiona baadaye, hayakulifunika. Lakini mimi nikamwita. Nikamwita jina lake kwa nguvu zangu zote. Naye ni mtoto mtiifu. Akisikia mama anamwita, anakuja. Akashuka kunifuata."

Emiliana alikuwa anapiga sakafu na kijiko ndani.

"Maji yalipopungua yaliacha mstari wa povu na takataka. Wanawake wote tuliokuwa hapa tukakata minyaa, tukachomeka kwenye ule mstari, kila mmoja mbele ya kwake. Ndiyo maana unajikunja. Hatukuwa walevi. Tukasema chini ya hapa hajengi mtu, tukahama kwenda juu. Na mimi tangu siku ile, mawingu yakikaa tu, simtaji mtoto jina. Yeyote. Mdomo wangu ndio uliomshusha."

"Mama, kwa nini hukusema kwenye mkutano?"

"Nilisimama niseme. Ningesemaje bila kumtaja? Na mvua imeshafika. Baba yake Chediel alikufa hajawahi kumtaja. Wenzangu tuliochomeka nao, wengine wamekufa, wengine wamehamia mbali. Chediel mwenyewe hajui kama alikuwa na kaka."

Nilitazama nyuma yangu. Vichipukizi nilivyong'oa vilikuwa vimetoka tena, vijani kabisa, mstari mzima nyuma ya nyumba zote. Na namba nne yote ilikuwa upande wa korongo.

Nikaingia ndani nikamchukua mwanangu. Nikamfungia khanga mbili, nikapita juu ya vichipukizi, nikampa bibi yake mikononi. Mkoba wa dawa nikaurudia.

Ijumaa, 9 Februari

Chediel hakuamini. "Mama anazeeka," akasema. "Miaka ishirini na zaidi, leo ndiyo anakumbuka?" Nikamwambia nenda kamuulize wewe mwenyewe. Akaenda. Walikaa mlangoni, hata sikusikia walichosema. Aliporudi alikaa kwenye tofali akatazama viganja vyake.

"Ukisema, ule mtaro nimeujenga mimi," akaniambia. "Watauliza nani alipanga mawe."

"Najua."

"Hatutakuwa na kazi wala nyumba."

"Najua, Baba Emi."

"Na wenzetu watarudi kwenye mvua. Watatuchukia."

Emiliana atalala kwa bibi, yeye anaruhusiwa. Sisi tumerudi chini ya turubai.

Jumanne, 13 Februari

Imekuwa leo. Sijui nianzie wapi.

Cecilia alikuja na buti zake. Kibali kilikuwa kinasainiwa leo, watu walivaa vizuri, Loyce alisuka nywele. Bonaventura akamtembeza juu ya mabamba ya zege, akayapiga kwa kisigino kuonyesha ni imara. Mwenyekiti akashukuru. Cecilia akauliza tena, kama mtu anayemaliza tu: "Hakuna aliyekumbuka lolote kuhusu maji?"

Nilisimama. Kwetu mkwe hasimami kutoa ya ndani ya nyumba ya mume wake mbele ya watu. Mama mkwe alikuwa pembeni na mtoto, akanitazama, akainamisha kichwa kidogo, ndiyo. Lakini kumtaja yule mtoto sikuweza. Si wa kwangu kumtaja. Nikasema tu, "Dada, naomba uje uone kitu."

Nikamshika mkono. Nikampeleka nyuma ya safu ya chini, nikaanza kutembea naye kwenye vichipukizi. Tukajikunja pale vinapojikunja, tukaingia kwenye kila bonde dogo, tukatoka. Watu wote nyuma yetu. Mwanzoni Loyce alicheka. Tulipofika mwisho Cecilia alikuwa ameacha kuniuliza maswali. Alirudi mwanzo akautembea tena peke yake, anatazama korongo, anatazama mstari.

"Huu si mpaka wa shamba," akasema. "Nani aliupanda?"

"Wanawake waliokuwa hapa mwaka wa Elnino. Waliupanda kwenye povu. Kuna aliyepoteza mtu."

Hakuuliza nani. Alivua kofia. Halafu akamgeukia fomani, "Funua bamba moja. Na tepu ya kupimia."

"Tepu imebaki stoo, afisa, na stoo imefungwa."

Hapo Chediel akatoka kwenye kundi. Alifungua tepu yake kiunoni akampa Cecilia mkononi, akarudi kusimama alipokuwa. Mimi nimemwona mume wangu akicheza ngoma, nimemwona akibeba jeneza la baba yake, lakini leo ndiyo nimemwona.

Mtaro ukapimwa, mita moja. Kibali hakikusainiwa. Nyumba za safu ya chini zimefungwa kwa minyororo jioni ileile, vitu vya watu vikatolewa nje. Mvua ikaanza kunyesha juu ya magodoro.

Loyce alinifuata mpaka kwenye turubai, amebeba mwanawe mdogo. "Wewe una roho gani? Wako amepona, sasa unatufungia sisi! Ungekuja kuniambia mimi kwanza. Mimi, Mama Emi!"

Kweli, ningemwambia kwanza. Niliogopa angenizuia, na mimi nilikuwa tayari kuzuiwa.

Jumatano, 14 Februari

Chediel ameambiwa asije.

Jumamosi, 24 Februari

Kisimani nikifika wanawake wananyamaza.

Jumanne, 5 Machi

Jua. Siku nyingi sasa jua tupu. Mahindi yanajikunja, alizeti inainamisha kichwa. Korongo limekauka, watoto wanacheza mpira ndani yake. Leo mtu amenipigia kelele kutoka barabarani: "Mama Emi! Maji yenu yako wapi? Tuletee hata ndoo!" Watu wakacheka. Nyumba zile zinang'aa na minyororo yake, pakavu kabisa.

Nimeanza kufikiri nimewaharibia watu maisha kwa ajili ya huzuni ya mama mmoja. Usingizi sipati. Chediel hanilaumu, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amenionyesha nyuma ya kijumba chake. Yale matawi aliyobeba siku ya msaragambo aliyachomeka yote ardhini. Yameshika. Msitu mdogo. "Niliweka mbegu," akasema tu.

Jumanne, 19 Machi

Jua. Hakuna cha kuandika. Unga umebaki wa kesho.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Hatukuwa na kuku. Loyce alikaa benchi la mbele na hakugeuka. Mawingu yamerudi.

Ijumaa, 5 Aprili

Yamekuja jana.

Mchana, kama saa nane, kwetu jua linawaka. Nilikuwa napepeta mtama, Emiliana anatambaa kwenye ungo. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Akainua kichwa. Mimi nilikuwa sijasikia kitu. Akasimama, akamchukua mtoto akambana kifuani, mkono mmoja akauweka juu ya mdomo wake mwenyewe. Si wa mtoto, wake mwenyewe.

Ndipo nikasikia. Kama gari moshi, kama alivyosema.

Tulikimbia ukingoni mwa mwinuko, kitongoji kizima. Korongo lilikuja limesimama, jekundu, limebeba miti mizima na ng'ombe mmoja miguu juu. Mtaro ulijaa mara moja tukaona mabamba ya zege yakiinuka kama vifuniko vya sufuria. Kisha maji yakaingia kwenye safu ya chini. Vioo vikapasuka kwa ndani. Mlango wa namba tano ukatoka na fremu yake. Kwenye namba nne yalipanda polepole mpaka juu ya kizingiti cha dirisha, yakazunguka zunguka pale, yakatoa povu. Nilikuwa naliona dirisha la chumba alichokuwa amelala mwanangu.

Hakuna aliyekuwa ndani. Nalirudia: hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ndani.

Loyce alikuwa amewashika wanawe wadogo kwa nguo. Akawa anataka kumwita yule mkubwa aliyesogea ukingoni, mama mkwe akamshika bega, akaenda yeye mwenyewe kimya, akamshika mtoto mkono akamrudisha.

Maji yalipanda mpaka kwenye vichipukizi. Hapo yakasimama.

Jumamosi, 6 Aprili

Asubuhi Loyce alikuja na bakuli la unga. Macho yamevimba. Hakusema samahani, nami sikuitaka. Akasema, "Yale matawi ya bibi yapo wapi?"

Wanawake wote tumekwenda. Tumefuata povu, tumechomeka, pengine pembeni ya kuta, pengine kati ya baraza. Utomvu umetuchoma vidole. Mwenyekiti Andrea alisimama na panga lake, akauliza kama wanaume wanaruhusiwa. Mama mkwe akamwambia, "Wewe uliyekata, chomeka mara mbili."

Jumatano, 17 Aprili

Cecilia amekuja. Safu ya chini haitakaliwa, itavunjwa. Mradi ukitaka kibali, barabara isogezwe na nyumba zijengwe juu, na mstari wa minyaa uandikwe kwenye ramani. Lini, hakujua. Bonaventura hayupo, wameleta fomani mwingine, naye hajamwita Chediel bado. Bado tuko chini ya turubai. Bado mvua.

Jumanne, 30 Aprili

Turubai limepasuka kabisa. Loyce ametupa kipande cha lao.

Jumapili, 19 Mei

Wiki mbili hakuna wingu. Upepo wa baridi umeanza, alizeti chache zilizosalimika tumezivuna. Chediel ameanza kufyatua tofali za tembe letu jipya, palepale juu. Barabara wataipitisha wanakojua.

Mchana huu mama mkwe alikuwa upande wa pili wa uwanja, anaanika mbegu. Emiliana alikuwa miguuni kwangu, ameshika khanga yangu, siku hizi anasimama. Bibi yake alinyoosha mgongo. Akatazama mbingu, upande wa Itigi, upande wa Mkiwa, kila upande, muda mrefu. Nikaona midomo yake inatikisika.

"Naftali," akasema. Taratibu, kama mtu anayeweka kitu chini. Tofali likabaki mkononi kwa Chediel.

Kisha akachuchumaa, akafungua mikono, akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya juu, ya msichana:

"Emiliana! Emiliana, njoo!"

Mwanangu aligeuka. Akaiachia khanga yangu. Akaenda.